Roshani ya Fikriya Bado Inavuja

Siku kipande cha zege kilipoangukia boneti ya gari la mfamasia, fundi alipatikana kabla ya adhuhuri. Wagida aliyaona yote kwa macho yake, akayaweka moyoni, na hakuwa na nia ya kuyatoa.

Maana mwaka na zaidi kabla ya hapo, kipande kingine, cha roshani hiyo hiyo ya jirani wa juu, Fikriya, kilikuwa kimemwangukia mama yake mzazi. Hajjat Bahiya alikuwa ameketi roshani kwao, ghorofa ya tatu, kwenye kiti chake cha henzirani, bakuli la njegere mapajani, akimenya huku akigombana na nusu ya mtaa kwa sauti yake ya kuvuta. Zege likabanduka juu yake, upande wa chini wa roshani ya ghorofa ya nne, likamkuta mkononi. Mkono ukaumuka kama andazi. Wagida, mshonaji wa nguo aliyepita hamsini bila mume wala mtoto, asiye na mtu mwingine duniani ila mama huyo, alipanda ngazi mbio, uzi bado umening'inia mdomoni.

Fikriya alifungua mlango akiwa na ndoo mkononi.

"Roshani yako inatuua, Mama Rabab!" Wagida alisema. "Nondo zimeoza mpaka zinaonekana kama mbavu za mbuzi. Acha kumwaga maji, ita fundi."

"Mama yako amekufa?"

"Ameumia!"

"Basi mpake mafuta. Mimi nina nyumba ya kusafisha." Fikriya alikuwa mjane mwenye mwili na sauti, na kila asubuhi ya Mungu aliiosha roshani yake kwa ndoo kadhaa, kama vile bahari ya Iskanderia ilikuwa inapanda usiku kuichafua yeye peke yake. "Anayeogopa kukaa chini ya roshani yangu asikae. Mwambie akae jikoni. Si kuna dirisha? Hewa ni hewa."

Akafunga mlango. Muda si mrefu Wagida akasikia maji yakimwagwa.

Hewa ni hewa! Dirisha la jikoni lilitazama kile kisima cha hewa kilichopita katikati ya jengo, mahali mabomba yote yanapotelemka na madirisha ya vyoo yanapotazamana. Hapakuwa na jua mle, wala mtu, wala gari, ila harufu ya vitunguu vya watu na ugomvi wa watu. Lakini Wagida angefanya nini? Alitia komeo kwenye mlango wa roshani, akamwekea mama yake kigoda jikoni, kando ya dirisha hilo.

Hajjat Bahiya alikuwa ameuona mtaa kila siku kwa miaka arobaini. Roshani ile ndiyo ilikuwa soko lake, msikiti wake na baraza lake. Alikuwa akishusha kapu kwa kamba, Bayumi muuza maharage analijaza, yeye anavuta, na katikati ya kuvuta anakuwa ameshajua nani kaposa, nani kaachwa. Sasa Bayumi akawa anapita na mkokoteni wake, anasimama, anatazama juu.

"Hajjat yuko wapi leo?"

"Yuko jikoni," Wagida alimjibu.

Siku iliyofuata akauliza tena, na nyingine, na Wagida akamjibu vile vile. Mwaka mzima alimjibu vile vile, mpaka siku moja hakumjibu, na Bayumi akavua kofia yake. Mama alikuwa amefia pale pale kwenye kigoda, ameegemea ukuta wa mabomba, hajauona mtaa tangu siku ya njegere.

Fikriya alituma sahani ya wali kwenye matanga. Wagida aliwapa paka.

Sasa basi, boneti. Mfamasia alisimama katikati ya barabara akapiga kelele za polisi na mahakama, na Fikriya huyo huyo akaitikia kutoka juu kwa sauti ya asali, "Haki yako, Daktari, haki yako, leo hii hii namwita fundi!" Wagida alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza. Mkono wa mama yake haukustahili fundi. Bati la gari lilistahili.

Fundi Shinawi alikuja na nyundo, mwiko na mzaha wake, sigara nyuma ya sikio. Kwa kuwa ubovu wenyewe ulikuwa upande wa chini, ilibidi afanyie kazi kwa Wagida, juu ya jukwaa la mbao, akigonga dari la roshani. Zege lilianguka lenyewe kabla hajaligusa vizuri.

"Mchanga wa ufukweni huu," alisema akiusugua vidoleni. "Waliojenga walikuwa wavivu kwenda mbali. Chumvi tupu! Halafu mwanamke anaiosha kila siku kama farasi wa arusi. Nondo ingeponea wapi?"

"Usiniulize mimi. Mimi ni mtu wa chini."

Fundi alikwangua kutu, akaongeza nondo mpya pale zile za zamani zilipokuwa zimebaki kama uzi, akazipaka dawa, akajaza saruji mpya akaipiga laini. Wagida alimchemshia chai. Siku ya kumaliza, fundi akampa chupa ya kunyunyizia maji.

"Nyunyizia hili dari asubuhi na jioni, wiki nzima. Saruji ikiwa changa hupenda maji. Ukiinyima inapasuka."

"Yaani nimbembelezee Fikriya saruji yake?"

"Ni dari lako pia, Bi Wagida. Acha ukorofi, nyunyizia."

Akanyunyizia wiki nzima, meno ameyauma. Fundi akahamia juu. Aling'oa vigae vya zamani, akatengeneza mwinamo mpya wa kupeleka maji nje, akapaka tabaka za lami mpaka zikapanda ukutani, kisha akaziba tundu la kutolea maji na kuijaza roshani nzima kama beseni. Akashuka kwa Wagida akipangusa mikono.

"Sasa shahidi ni wewe. Maji yatalala pale juu siku mbili. Ukiona hata unyevu hapa darini, niambie. Mpaka useme pakavu, siweki kigae hata kimoja, na mtu asiikanyage ile lami. Kiatu kikiitoboa, kazi yote bure. Nimeupigilia mlango wa roshani yao ubao."

"Mpaka niseme mimi?"

"Nani mwingine anayeliona hili dari?"

Fundi akaenda zake. Wagida alibaki amesimama chini ya dari jipya, jeupe, kavu kabisa, na chupa ya kunyunyizia ikiwa pale pale mezani. Chuki yake ilikuwa imekaa muda mrefu bila kazi. Siku hiyo ikapata ajira.

Ni lazima ieleweke kwamba Fikriya naye alikuwa hatoki. Magoti yalikuwa yamemkatalia ngazi tangu kiangazi, lifti ilikuwa imekufa zamani, na roshani ndiyo ilikuwa imebaki kuwa miguu yake. Kapu lake, soga zake na Bayumi, salamu za mchana, yote yalipita pale. Na sasa mlango una ubao. Kilichobaki ni dirisha la jikoni.

Wagida alipanda kiti siku ya pili ya maji, akanyunyizia katikati ya dari mpaka matone yakaning'inia, akashuka, akaenda kuita kwenye ngazi kwa sauti ya masikitiko.

"Mama Rabab! Jamani, panavuja!"

Aliyeteremka kuhakikisha alikuwa Rabab mwenyewe, binti wa pekee wa Fikriya, msichana mpole aliyeposwa na mhandisi anayefanya kazi Kuwait. Alipokuwa mdogo, Hajjat Bahiya alikuwa akimshushia peremende kwa kapu akitoka shule. Alitazama juu, tone likamwangukia shavuni.

"Ee Mola. Mama atachanganyikiwa."

"Pole, mwanangu," Wagida alisema. Na kweli kitu kilimchoma kidogo, kwa ajili ya msichana. Akakizima.

Kelele za Fikriya zilijaza ngazi yote. "Fundi gani huyu? Fundi wa kujenga vichuguu! Rudia!" Fundi Shinawi akakausha, akapaka tena, akajaza maji tena. Pakavuja tena. Kisha ikaja ile dhoruba ya Novemba ambayo watu wa Iskanderia huiita Ufagio, ikamimina siku kadhaa, na lami haishiki palipo na maji, kwa hiyo kazi ikasimama. Wagida alikaa kwenye roshani yake dhoruba ilipochacha, akatazama dari. Halikutoa hata jasho. Kazi ya Shinawi ilikuwa safi, ingeweza kubeba bahari. Upepo ulipotulia, alipanda kiti na chupa yake.

Usiku hakuhangaika, alilala fofofo. Kitu kilichompa raha hasa kilikuwa sauti. Akiwa jikoni anapika, alimsikia Fikriya juu yake, kwenye dirisha lile lile la kisima cha hewa, akipiga miayo, akiburuta kiti, akiwauliza majirani wa upande wa pili habari za mtaa. "Bayumi amepita? Anauza bei gani? Nani huyo anayepiga honi?" Hakuna aliyemjibu ipasavyo. Wagida alikoroga sufuria akatabasamu. Onja, alisema moyoni. Onja vizuri, mama.

Fundi Shinawi aliporudi baada ya dhoruba, hakuita mtu. Alikuja moja kwa moja kwa Wagida, akasimama chini ya matone, akayatazama kwa muda.

"Ajabu," alisema. "Maji ya juu hutafuta ukingo, hutafuta ufa. Haya yamejikusanya katikati, mahali panapofikiwa na mtu mfupi aliyepanda kiti."

"Chai yako inapoa, Fundi."

Alikaa, akanywa. Alitazama kiti cha henzirani kilichokuwa kitupu, kisha chupa iliyoning'inia kwenye msumari.

"Nilipokuwa napaka jengo la ng'ambo, mama yako alinishushia chai kwa kapu. Sukari alijaza bila kuuliza. Kila siku, mpaka nilipomaliza."

"Alikuwa hivyo."

"Niliporudi mtaa huu mwaka jana, nilitazama juu nikaona mlango umefungwa. Nikadhani mmehama."

"Hatukuhama. Alikuwa jikoni."

Fundi akaweka glasi chini taratibu. "Basi inavuja," alisema. "Nitamwambia tusubiri jua. Lakini sikiliza, Bi Wagida. Rabab anakwenda Kuwait na mumewe kabla ya Ramadhani. Yule mama hashuki ngazi zote hizi. Atamuagia wapi binti yake? Mimi nimesema, sijasema."

"Hujasema," Wagida alimjibu.

Lakini maneno yalimganda. Arusi ilifanyika, vigelegele vikapigwa ukumbini, Fikriya akabebwa kwenye kiti na vijana wanne kushuka na kupanda, wakaapa hawatarudia. Siku ya safari ikakaribia. Kila asubuhi Wagida aliamka akijiambia kwamba leo atamwita fundi na kusema pakavu. Vigae vingewekwa kwa siku mbili tu, mwanamke angesimama roshani kwake na kumpungia mwanawe. Kisha Wagida aliingia jikoni kuchemsha maji, akakiona kile kigoda, na chupa ikarudi mkononi.

Siku ya safari, magari ya ndugu yalijipanga chini yakipiga honi. Masanduku yalishuka ngazi kwa vishindo. Rabab alipita mlangoni kwa Wagida akambusu mashavu yote mawili, analia na kucheka, akateremka. Haukupita muda mlango ukagongwa tena, kwa kiganja.

Alikuwa Fikriya. Ameshuka ngazi za ghorofa moja kwa matako kama mtoto, kanzu imejaa vumbi, jasho linamtiririka. Wagida alikuwa hajamwona uso kwa uso tangu mwaka ulioisha, na alishangaa jinsi alivyosinyaa.

"Wagida, dada yangu. Nipishe. Nipe roshani yako dakika moja. Nimwone akipanda gari, nimpigie vigelegele."

Wagida hakusogea. Alikuwa amelisubiri neno hili bila kujua kwamba alikuwa analisubiri, na lilipokuja alilikuta limeiva mdomoni.

"Roshani si salama, Mama Rabab. Inavuja. Dirisha la jikoni lipo." Akanyoosha mkono kuonyesha. "Hewa ni hewa."

Fikriya alimtazama. Huko chini honi zikaongezeka, mlango wa gari ukafungwa, na mwanamke yule hakuwa na muda wa kutukana. Alijikokota akishika ukuta, akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa, akasukuma dirisha. Kisha akapiga vigelegele.

Vilikuwa vigelegele vya kweli, vya mama. Vilitelemka katikati ya mabomba, vikagonga madirisha ya vyoo vya watu, vikarudi juu vimechanika. Akapiga tena. Mara ya tatu sauti ilikatika, ikawa kitu kingine.

Wagida aliondoa komeo, akatoka roshani. Alitaka kuona. Chini, Rabab alikuwa amesimama kando ya gari, mkono mmoja umeshika mlango, uso ameuinua. Alitazama roshani ya mama yake, mlango wenye ubao. Akasubiri. Akatazama tena. Kisha macho yakateremka, yakamkuta Wagida.

"Mama yuko wapi?" aliita.

Wagida alishika chuma cha roshani kwa mikono miwili.

"Yuko jikoni," alisema.

Bayumi alikuwa pale na mkokoteni wake. Aligeuka ghafla akamtazama Wagida, mwiko wa maharage mkononi. Rabab alipunga mkono kidogo, kwa roshani tupu, akaingia garini. Magari yakaondoka yakipiga honi mpaka kona ya msikiti, na mtaa ukarudi kuwa mtaa.

Wagida alipogeuka kuingia ndani, Fikriya alikuwa amesimama kwenye mlango wa roshani, ameegemea mwimo.

"Alitazama juu?"

Wagida alikuwa na jibu tayari. Hapana, hakutazama, alikuwa anacheka na mumewe. Maneno machache tu, yangemmaliza. Aliyafungulia mdomo na yakakataa kutoka, si kwa huruma, bali kwa sababu jibu la kweli lilikuwa linauma zaidi.

"Alitazama. Akauliza uko wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia uko jikoni."

Macho ya Fikriya yalipanda polepole mpaka darini. Lilikuwa jeupe, kavu, limepigwa laini kama meza. Yakateremka kwenye chupa iliyoning'inia msumarini, chini yake kiti chenye alama ya viatu.

"Hapa hapavuji," alisema kwa sauti ndogo.

"Hapavuji."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Wagida alingoja. Alikuwa na matusi yake ameyapanga tangu majira ya baridi yaanze, kwa kila tusi atakalotupiwa ana lake. Alimtaka apige kelele, ujengwe ukuta wa kelele kati yao kama zamani. Fikriya aliweka mkono juu ya mgongo wa kiti cha henzirani, akauondoa upesi kama ameungua.

"Mle jikoni," alisema, "hakuna kinachoonekana."

"Hakuna."

"Basi mama yako alikuwa anasikiliza. Mwaka mzima ule, alikuwa anasikia nini?"

Hili Wagida hakuwa amelipangia jibu, lakini halikuhitaji kupangwa. Bomba la maji ya Fikriya lilipita ukuta ule ule ambao mama yake alikuwa akiuegemea, kila asubuhi, mpaka asubuhi ya mwisho.

"Alikuwa anakusikia wewe ukiosha roshani."

Fikriya aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu anayepokea kitu chake. Hakuomba radhi, na Wagida asingeipokea. Aligeuka, akatoka, na muda mrefu ngazi zilisikika zikimpandisha, moja, kituo, pumzi, nyingine.

Wagida alitundua chupa msumarini, akamwaga maji yake kwenye sinki. Kesho angemwita Shinawi, amwambie alete vigae. Kisha alirudi roshani, akakaa kwenye kiti cha mama yake, akatazama mtaa na hakuinua macho darini.